Kware wa Doña Cuca

Ilikuwa mwaka wa sitini na nne. Hapana, nasema ovyo. Sitini na nne Fidencio Arrona alikuwa bado anapiga chapa kwa nyundo, uani kwa baba mkwe wake, na mashine hakuwa nayo. Basi iwe sitini na saba, ule mwaka ambao mvua ilibeba mlango wa kinyozi Chon mpaka mtaa wa pili, na aliyeuokota akadai ni wake tangu zamani. Tuseme sitini na saba, tuendelee.

Katika mtaa wa Coecillo, hapo mjini León, kila nyumba inanuka gundi. Huyu anakata soli, jirani yake anashona, wa tatu anapaka rangi, na wa nne anakaa mlangoni kuwaambia wote wanavyokosea. Fidencio yeye kazi yake ilikuwa kuwapigia wenzake chapa. Hakushona mkanda wala hakukata kiatu. Watu walimletea ngozi zao, akawagongea majina yao juu yake, wakaenda zao.

Mashine yake ilikuwa ya mkono. Fremu nzito ya chuma cheusi, skrubu nene katikati, na juu ya skrubu mkono mrefu uliolala, wenye bonge la chuma kila ncha, ukubwa wa tikiti changa. Unailowesha ngozi kwa sponji, unaiacha inywe maji mpaka rangi yake ianze kurudi. Ikiwa bado imeloa, chapa inazama na kufumba kama jicho la mgonjwa; ikiwa kavu, inakwaruza tu. Unaiweka chapa ya shaba mahali pake, unashika bonge moja, unalisukuma kama unamwondoa mbuzi mlangoni. Mkono unazunguka, skrubu inashuka, na dude lote linaguna, mpaka vikombe vya mkewe Obdulia vinagongana jikoni. Bega la kulia la Fidencio lilikuwa limemzidi la kushoto kwa kazi hiyo, hata fundi cherehani akimpima alikuwa anacheka.

Chapa zenyewe hazikuwa zake. Kila karakana iliacha yake kwake, maana kubebabeba shaba huku na huko kunaila kingo. Palikuwa na jogoo wa ndugu Olmos, kiatu cha farasi cha mzee Tafoya, nyota, nanga, herufi zilizosukwa kama nywele, na kware wa Doña Cuca. Zote zililala katika droo moja yenye kufuli, na ufunguo wa kufuli ulining'inia shingoni kwa Fidencio pamoja na medali ya Bikira.

"Mimi sina jina," alikuwa akisema akiwa amefurahi. "Nimewekewa majina ya watu."

Na ndivyo alivyokula. Siku watu wale wangeacha kumwamini na kila mmoja akaja kuchukua chapa yake, droo ingebaki tupu, na mashine ile isingekuwa na cha kupiga zaidi ya mbao.

Sasa, Jumanne moja ya mwezi wa tisa, Doña Cuca Zermeño akaingia bila kubisha. Mwanamke mnene, mfupi, mjane, mwenye karakana ya mikanda ambayo watu walikuwa wanaisifu hata huko mpakani. Hakuketi. Akatupa mkanda juu ya meza.

"Kware huyu wa nani?"

Fidencio akaugeuza. Mikanda ya Doña Cuca chapa yake haikupigwa kwenye mkanda wenyewe. Ilipigwa kwenye kipande cha ngozi cha mviringo, ukubwa wa mdomo wa kikombe cha kahawa, kinachoshonwa kwa ndani nyuma ya bizimu. Kware alikuwa pale, amesimama, kishungi chake mbele.

"Wako, doña."

"Na mkanda wa nani?"

Akaukunja mbele ya macho yake. Ukavunjika kama chapati ya jana. Ndani ilikuwa karatasi ngumu, juu wamepaka kitu cha kung'aa.

"Huu si wako," akasema Fidencio.

"Ahsante kwa kunijulisha. Nimeununua sokoni, mimi mwenyewe, nikauziwa kama mkanda wa Cuca Zermeño. Muuzaji akaniapia. Akaniambia anamjua Cuca Zermeño, ni shangazi yake."

Fidencio akakileta kipande karibu na dirisha. Moyo wake ulikuwa unataka kware yule awe wa kuigiza, shaba mpya iliyochongwa na mtu mwingine. Lakini mwaka uliopita chapa ile ilimponyoka ikaanguka sakafuni, na kidole kimoja cha mguu wa kware kikamegeka. Kware huyu wa mkanda wa karatasi naye alikosa kidole kile kile.

Doña Cuca alikuwa anamtazama usoni.

"Umekiona kidole."

"Nimekiona."

"Basi kware huyu ametoka humu ndani. Kwenye hiyo droo yako. Sasa sikiliza, Fidencio. Mama yako alikuwa mtu wa kanisani na mimi sitaki kukusema vibaya. Nakuachia mpaka sikukuu ya Mtakatifu Krispino wetu wa viatu, mwezi ujao. Ukinionyesha nani, tutasalimiana. Usiponionyesha, nitamchukua kware wangu, na nikitoka hapa nitapita kwa Olmos, kwa Tafoya, kwa wote. Nitawaambia waje na mifuko."

"Doña, ufunguo hautoki shingoni mwangu."

"Ndiyo nasema. Basi ni shingo yako."

Akaondoka, mkanda akamwachia.

Kuanzia hapo Fidencio hakulala vizuri wala hakula vizuri, na ubaya wa mtu asiyekula vizuri ni kwamba anaanza kutazama wanaokula. Alianza na Obdulia. Ufunguo alikuwa anauvua akioga tu, na anapooga nani yuko ndani? Akawa anaoga upesi, mlango wazi kidogo, jicho moja lina sabuni na jingine liko sebuleni.

"Unanitazama nini?" Obdulia akamwuliza.

"Sikutazami."

"Unanitazama kama unavyomtazama muuza maziwa."

"Muuza maziwa anatia maji."

"Na mimi natia nini?"

Kwa mkewe shaka ikakosa pa kushika, ikageuka ikatazama kwenye kona ya dirishani. Pale alikaa Nazario Becerra.

Nazario alikuwa mshonaji wa mikanda kwa mkono. Alikuwa amepewa kona ile na kigoda, awe anashonea pale kwa sababu kwake hapakuwa na mwanga. Ufunguo wa mlango wa nje alikuwa nao. Na hakuwa mtu baki: yeye ndiye aliyemshika Lucha, binti wa Fidencio, kwenye maji ya ubatizo. Tangu siku ile wawili hao waliacha kuitana majina wakaitana kompadre, na hata namna ya kusemezana ikabadilika, ikawa ya adabu, kama watu wanaokabidhiana sahani ya moto. Walikuwa wamecheza gololi pamoja na kutukanana matusi yote ya Coecillo, lakini baada ya ubatizo basi. Kompadre hatukanwi. Kompadre haulizwi mara mbili.

Ila Nazario alikuwa na kasoro moja: alikuwa anafanya kazi Jumatatu.

Mtu wa kwingine anaweza kuona hilo ni sifa. Coecillo sivyo. Watu wa viatu na mikanda wanamaliza kazi Jumamosi jioni, Jumapili ni ya Mungu, na Jumatatu ni ya Mtakatifu Jumatatu, ambaye kanisani hana sanamu lakini ana wafuasi kushinda wenye sanamu. Jumatatu mtu anakwenda kilabuni, au anakaa barazani kichwa kimefungwa kitambaa, au anatembea tu bila sababu. Karakana zinafungwa. Mwenye kusikika akigonga nyundo Jumatatu anatazamwa kama mtu aliyepiga mluzi msibani. Nazario alikuwa na vidonda vya tumbo, pombe ilikuwa sumu kwake, na nyumbani mama mkwe wake alikuwa msemaji. Kwa hiyo Jumatatu alikuja kwenye kigoda chake, peke yake, akashona. Wala Fidencio hakuwahi kuliona hilo ni jambo, mpaka sasa.

Kilabuni wenzake walishasikia. Coecillo habari haipiti mlangoni, inapita ukutani.

"Mtu asiyeumwa kichwa Jumatatu ana lake," akasema Tacho, mkata soli.

"Ana tumbo bovu," Fidencio akamtetea.

"Tumbo bovu, mikono mizima."

"Ni kompadre wangu, Tacho."

"Nani amesema si kompadre wako? Mimi nasema tu kwamba sisi tuko hapa, tunaonana wote. Yeye yuko kwako. Anaonana na nani?"

Wakacheka. Fidencio naye akacheka kidogo, akiwa anaumia.

Kuanzia hapo kila kitu cha Nazario kikawa na maana. Akinyamaza, ana siri. Akiimba, anajifanya hana siri. Alikuja na kofia mpya ya majani na Fidencio akaitazama kofia ile asubuhi nzima, akijiuliza imetoka wapi, mpaka Nazario akaivua na kuikagua ndani akidhani ina mdudu. Alimwuliza habari za Lucha, kama alivyomwuliza kila siku, na Fidencio akaona mbona leo anamwuliza mapema.

Jumamosi iliyofuata akategesha. Alipomaliza kazi aliugeuza mkono wa mashine mpaka bonge moja likaelekea sawasawa kwenye picha ya Bikira ukutani. Halafu akang'oa unywele wa ufagio, akaubandika kwa mate katikati ya droo na meza, atakayeivuta droo aukate bila kujua.

Jumanne asubuhi akaingia wa kwanza. Bonge lilikuwa linatazama mlango. Unywele wa ufagio ulikuwa pale pale.

Mtu mwenye moyo uliotulia angekaa akafikiri: mashine imeguswa, droo haikuguswa, basi hakuna aliyepiga chapa. Fidencio hakufikiri hivyo. Alifikiri mwizi huyu ni mjanja kupita kiasi, ameuona unywele, ameutoa, amefanya kazi yake, kisha ameurudisha. Na ni nani mwenye vidole vyepesi vya kurudisha unywele wa ufagio, kama si mshonaji?

"Obdulia, Jumatatu kuna mtu aligusa mashine."

"Labda paka."

"Paka gani anasukuma chuma kile?"

"Basi mwulize kompadre wako."

"Kompadre haulizwi."

"Basi usimwulize, na usinisumbue. Nina maharage motoni."

Siku zikawa zinakwenda, na sikukuu ya Krispino ilikuwa inasogea. Doña Cuca alikuwa anapita barazani. Anasimama, anachungulia, anasonga mbele. Mzee Tafoya alikuja kuchungulia kama kiatu chake cha farasi bado kipo. Alisema anakikumbuka tu. Ndugu Olmos walikuja wawili, wakamtazama jogoo wao, wakatazamana, wakaondoka. Fidencio alijua wanachotazama.

Jumatatu ya katikati ya mwezi wa kumi, akatoka kama anakwenda kilabuni, na kofia yake ya kilabuni, na hatua zake za kilabuni. Alipofika kona akarudi kwa nyuma ya ukuta, akaingia kwa kinyozi Chon, ambaye duka lake lilikuwa linatazamana na karakana. Akakaa kwenye kiti.

"Ninyoe ndevu. Pole pole."

"Umeninyima kazi mwezi mzima, leo una haraka ya pole pole," akasema Chon. "Kioo nikigeuze?"

"Kigeuze kidogo. Zaidi. Nataka nione nje."

"Ahaa. Kumbe hatunyoi, tunalinda."

"Nyoa, Chon."

Chon akanyoa. Katika kioo Fidencio aliuona mlango wake, na Nazario akiingia na kopo lake la chai. Kimya. Chon akamaliza, akapaka povu upya, akanyoa tena.

"Nikikunyoa mara ya tatu, Fidencio, ngozi nikupe wewe au niipeleke kwa Tafoya?"

"Paka povu."

"Anafanya nini humo?"

"Ndicho ninachotaka kujua."

"Anashona. Huyo tangu nimjue anashona. Nawe tangu nikujue hukuwahi kuwa na akili za kujificha. Miguu yako inaonekana barabarani."

Fidencio akavuta miguu. Na wakati huo huo, kwenye kioo, mlango ukafunguka, Nazario akatoka mgongo kwanza, akivuta gunia. Akalitupia begani, akafunga mlango, akashuka barabara.

Fidencio akaruka na kitambaa shingoni.

"Povu lako," akasema Chon, lakini mteja alishakwenda.

Alimfuata mpaka kwenye gulio, lile la Jumatatu, pale wanapouza vyuma vya kale, misumari iliyonyooshwa, sufuria bila mifuniko. Nazario alikwenda moja kwa moja kama mtu anayejua njia, mpaka kwenye mkeka wa mama mmoja aitwaye Tencha, muuza takataka za ngozi. Akalitua gunia. Na kabla hajainua mgongo Fidencio alikuwa amesimama juu yake, shavu moja kavu na jingine lina povu.

"Kompadre."

"Kompadre," Nazario akajibu, akavua kofia. "Mbona hivyo? Nani mgonjwa?"

"Umebeba nini?"

"Mabaki."

"Ya nani?"

"Yako, kompadre. Na yangu kidogo."

"Fungua."

Nazario akamtazama. Watu walishaanza kusogea, kama watu wa gulio wanavyosogea, kila mmoja akijifanya anatazama sufuria.

"Nikufungulie hapa?"

"Hapa hapa. Mwizi asiyeogopa kuingia kwangu Jumatatu, asiogope watu."

Neno likawa limetoka. Fidencio mwenyewe alilisikia kama limesemwa na mtu wa nyuma yake. Nazario akainama, akafungua kamba ya gunia, akalishika chini kwenye pembe mbili, akamwaga kila kitu juu ya mkeka wa Tencha.

Yalikuwa mabaki. Vipande vya ngozi, pindo za mikanda, vichwa vya uzi, vumbi la nta. Yale yale yanayojaa chini ya mashine wiki nzima, mpaka mtu anateleza.

"Ulisema mwenyewe, kompadre, baada ya Pasaka," akasema Nazario kwa sauti ya chini. "Ulisema nikiwa napata nafasi Jumatatu niyaondoe, Jumanne mguu wako haupati pa kukaa. Ni lazima nisukume mkono wa mashine ndipo gunia lipite. Ndiyo hayo."

Fidencio akataka kusema kitu. Lakini macho yake yalikuwa kwenye mikono ya Tencha. Mama huyu hakuwa amejali ugomvi wao. Alikuwa ameona ngozi imemwagwa, na mikono yake ikaanza kazi yenyewe kwa mazoea. Vipande vitupu akavisukuma kushoto. Vipande vyenye chapa akavivuta kulia, akavipanga karibu na goti. Jogoo, nyota, kware. Kware, kware, jogoo, kware.

"Hivyo unavitengea nini, mama?" Fidencio akauliza.

"Hivi vya picha? Hivi vinatakiwa, bwana. Yuko mtu anakuja na baiskeli, anavikata duara. Huyu ndege wa kishungi ndiye anampenda zaidi. Jogoo hamtaki sana, anasema ana mkia mrefu, haukai kwenye duara."

Fidencio akachuchumaa. Akaokota kware mmoja, akaokota wa pili. Kila mtu wa chapa ana desturi hiyo: kabla hajagusa kazi ya mwenyewe anajaribu kwanza kwenye chakavu cha ngozi ile ile. Anapiga moja, anaona maji yamezidi. Anapiga nyingine, upande mmoja umezama, anaweka karatasi chini. Anapiga tena, na tena, mpaka kware asimame na kila unyoya wake. Hapo ndipo anapoanza kazi, na kile kipande cha majaribio anakitupa miguuni. Moyo wa Fidencio ulikuwa hautulii mpaka jaribio la mwisho litoke safi kabisa, pengine safi kuliko kazi yenyewe. Miaka yote alilinda shaba kwa kufuli na shingo, na kware wenyewe akawaangusha chini ya viatu vyake, wakafagiliwa wakatoka na taka.

Tencha alimaliza kutenga. Akatia mkono chini ya upande wa mkeka, akatoa bonge la nta ya nyuki limefungwa kwenye jani la hindi.

"Haya, don Nazario. Chukua ya wiki hii, nyuzi zako zisikauke."

Bonge lilikuwa kubwa kama ngumi. Fidencio aliyakumbuka mabonge ya kwanza, ya baada ya Pasaka, Nazario alipomwonyesha kwamba amepata nta kwa takataka, wakacheka pamoja. Yalikuwa madogo kama ndimu.

Nazario akalipokea. Akalifunga kwenye leso, akaitia leso mfukoni, akavaa kofia.

"Nisalimie Lucha, kompadre," akasema. "Na ufute shavu."

Jumanne kigoda hakikuwepo kwenye kona ya dirishani. Ufunguo wa mlango uliletwa na mke wa Nazario, umefungwa kwenye kitambaa safi, na hakuingia ndani. Fidencio alijua maana yake na hakumfuata. Kompadre ameitwa mwizi barabarani, mbele ya wauza sufuria. Ungemfuata umwambie nini? Mtu baki unaweza kumwomba radhi, ukamnywesha, yakaisha. Kompadre kuna maji ya ubatizo katikati, kila neno linakuwa zito kuliko lilivyokuja.

Siku iliyotangulia Krispino akaenda mwenyewe kwa Doña Cuca, na gunia dogo la majaribio. Akampangia mezani kware wake, waliofumba macho na waliosimama vizuri, akamweleza yote, tangu sponji mpaka baiskeli.

Doña Cuca alikuwa anatafuna mbegu za boga. Akatafuna mpaka mwisho wa maelezo.

"Kwa hiyo mwizi ni wewe."

"Ni mimi, ila sikuiba."

"Kazi ngumu hiyo, kuiba bila kuiba. Na kompadre wako?"

Fidencio akanyoosha kware mmoja aliyekaa upande. Mezani kware walikuwa wanamtazama.

"Kompadre alibeba gunia tu."

"Alibeba gunia tu," akarudia Doña Cuca, akatema ganda la mbegu kwenye kiganja chake mwenyewe. "Na huyo wa baiskeli?"

"Tencha anasema hajui anakotoka."

"Tencha angejua anakotoka asingekuwa Tencha. Sasa utafanyaje?"

Akamwonyesha. Alichukua kisu cha mfukoni, akakata kila kware wa majaribio msalaba, kuanzia kishungi mpaka mkia, bega mpaka bega, vipande vinne.

"Kila jaribio nitalikata hivi kabla halijaanguka."

"Nitaona," akasema Doña Cuca.

Na kweli aliona. Hakumchukua kware wake, na kwa hiyo Olmos hawakuchukua jogoo wala Tafoya kiatu chake. Droo ilibaki imejaa. Ila kila Jumanne, mpaka miguu ilipomshinda, Doña Cuca alikuja na mbegu zake, akakaa kwenye kona ya dirishani, kwenye kiti alichokileta mwenyewe, na kumtazama Fidencio mkononi. Fidencio akipiga jaribio akasahau kulikata upesi, kutafuna kunasimama. Likikatwa, kunaendelea. Wengine nao wakajifunza kupita. Mtu aliyezoea kupiga chapa akiimba akawa anapiga kama anayetahiniwa, bega lile kubwa limekakamaa, na mara nyingine kazi ikaharibika kwa kutazamwa tu.

Na yeye naye alikuwa na la kutazama. Jumatatu hakuwa na hamu ya kilabu tena. Alikaa karakanani mlango wazi, hafanyi kazi, na barabara ya gulio akaiwekea macho. Nazario alikuwa amepata kona kwa Tafoya. Wakikutana wanavua kofia. "Kompadre." "Kompadre." Wanaulizana afya. Ukiwasikiliza hungejua.

Lucha alipoolewa, Nazario alikuja, maana baba wa ubatizo hakosi arusi. Alikaa mahali pake pa heshima, amekonda, amevaa koti. Walipokuwa wanacheza Fidencio akachukua glasi mbili za maji ya shayiri, akaenda akaketi karibu naye. Wakanywa. Akamwomba radhi kwa lile neno la gulioni, na Nazario akasema, "Limeshakwenda hilo, kompadre, lilikwenda siku ile ile." Na mtu mwingine angeishia hapo, akashukuru. Fidencio hakuweza. Alisogeza kiti, akamwuliza alichokuwa anataka kumwuliza miaka yote. Nazario akaitazama glasi yake muda, akaiweka chini, akasema bi arusi anamwita, na kweli Lucha alikuwa anamwita. Akaenda kumtunza. Mwaka uliofuata tumbo lile likamwua.

Fidencio akawa anawauliza wengine. Alimwuliza Obdulia, akamwambia amwache marehemu alale. Alimwuliza Chon, akasema yeye kazi yake ni ndevu. Alimwuliza padri, padri akamwuliza mara ya mwisho ameungama lini. Hata mimi niliyekuwa napita tu, nikakaa kwenye kiti cha Doña Cuca kupumzisha miguu, aliniwekea mkono gotini, na mashine ikiwa imesimama, akaniuliza:

"Hebu niambie wewe uliyetembea. Ile nta ya Tencha ilipoanza kunenepa, kompadre alidhani ni kwa sababu gani?"